Kengele ya Chumba cha Buluu

Bi Mkubwa alikata tiketi kama watu wengine wote, akaambiwa akae kwenye benchi amsubiri mwongoza wageni.

Mwongoza wageni ni mimi. Nilikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi nikifunga vifungo vya koti la sare, nikamwona kupitia kioo. Mkoba wake uleule wa ngozi ulikuwa magotini, na kidevu kiko juu vilevile, utadhani benchi ndilo lililomfuata yeye. Kando yake alikaa msichana mzuri mwenye gauni jeupe, anasoma kijikaratasi cha maelezo. Na nyuma yao, ameupa ukuta mgongo, alisimama Kitinda.

Miaka kumi na moja. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka kwenye paji la uso na mabega yalikuwa yamejaa. Macho hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Nikakifunga kifungo kwenye tundu lisilo lake, msichana wa tiketi akaniona.

"Una nini wewe?" aliniuliza.

"Sina kitu. Nipe maji."

Nikanywa, nikajikaza kisabuni. Mtoto wa dobi asipojua kujikaza kisabuni, nani atajua?

Dobi alikuwa mama yangu. Jumba hili, kabla halijawa la kuonyeshwa watalii, lilikuwa nyumba ya Bi Mkubwa na mumewe, na mama alifua na kupiga pasi nguo zao na za watoto wao watano. Mimi na mama tuliishi chumba cha nyuma, ukuta mmoja na jiko. Kitinda alikuwa mtoto wao wa mwisho, ndiyo maana ya jina lake. Mimi nyumba nzima iliniita Binti Dobi. Yeye peke yake aliniita Kidobi, na nilipofika miaka ishirini alikuwa akilitamka jina hilo kwa sauti ambayo hata kuku wa uani angejua kwamba hapa mchezo umekwisha.

Nikatoka.

"Karibuni. Shikamoo, mama."

Bi Mkubwa alinitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu. "Marahaba. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Walikuacha humu humu."

"Wameniajiri, mama. Naomba mvae hivi juu ya viatu." Nikawagawia vifuko vya kitambaa tunavyovalisha wageni ili mbao za sakafu zisikwaruzwe.

"Sakafu hii niliichagua mimi."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana tunaitunza."

Yule msichana akacheka kidogo, akavaa vyake haraka, kisha akapiga magoti kumvisha Bi Mkubwa. Nilitaka sana kumchukia. Hakunipa nafasi.

"Mimi ndiye mchumba," alisema akinipa mkono. "Ndoa ni Jumamosi hii. Nilimwambia huyu, siolewi mpaka nionyeshwe nyumba uliyokulia. Amenizungusha mwezi mzima."

"Nilikuwa na kazi," alisema Kitinda. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza mbele yangu baada ya miaka yote ile.

"Hongereni," nikasema, na ulimi wangu ukafanya kazi yake bila kunitia aibu.

Tulianzia sebuleni. Nikaeleza ya dari, ya taa ya vioo, ya yule fundi aliyechonga milango kwa miaka mitatu. Nikiwa katikati ya maelezo, Bi Mkubwa akainua kamba nyekundu kwa vidole viwili, akapita chini yake, akaelekea kwenye kiti kikubwa cha dirishani.

"Mama, kiti hicho hakikaliwi."

"Nimekikalia miaka thelathini."

"Ndiyo, mama. Sasa hakikaliwi."

Kitinda akatazama dari. Bi Mkubwa akasimama pale, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti chake mwenyewe, kisha akarudi upande wa wageni. Sitadanganya: nililila neno lile kama mtu aliyefunga kutwa. Kwa mwanamke aliyewahi kusema kwamba mimi sitagusa kijiko chake ila kwa kukiosha, nilikuwa nimengoja sana.

"Wewe umeyajuaje yote haya?" mchumba aliniuliza.

"Nimelelewa humu. Nyumba hii naijua msumari kwa msumari. Ukiniamsha usingizini nitakwambia bawaba ipi imebadilishwa na ngazi ipi inalia."

Nilisema hivyo kwa maringo, na nilimtazama Kitinda nikisema. Maringo yangu yale nitayakumbuka.

Kwenye ngazi alibaki nyuma makusudi. Mama yake na mchumba walikuwa wameshapanda.

"Kidobi."

"Wageni wasibaki nyuma, tafadhali."

"Nipe dakika moja."

"Ziara ina dakika arobaini na zote zina kazi."

"Nataka jibu moja tu. Sikuja kuangalia milango. Nimekuja kwa jibu moja, nikaoe nikiwa na moyo mweupe."

"Uliondoka bila kuuliza," nikamwambia. "Sasa unataka kujibiwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. "Mimi? Mimi ndiye niliyeondoka bila kuuliza?"

Mchumba akaita kutoka juu kwamba njooni muone roshani. Tukaenda kuona roshani.

Jiko huwa naliweka mwisho kwa sababu wageni hulipenda kuliko vyumba vyote. Wanapenda ubao wa kengele. Uko juu ya mlango, una kengele nane ndogo za shaba, kila moja imening'inia kwenye chuma kilichojikunja. Kutoka kila kengele unatoka waya unaopita ndani ya ukuta mpaka chumba fulani, na kule chumbani kuna kamba. Bwana akivuta kamba, kengele ya chumba chake inalia jikoni, na mtumishi anajua pa kukimbilia. Chini ya kila kengele kuna jina la chumba.

Ya tano ni ya chumba cha buluu, chumba cha Kitinda. Kwa miaka sita nimesimama chini ya ubao ule mara tano kwa siku, na sijawahi kuinua macho kuitazama ya tano. Niseme kwa nini.

Siku ile, miaka kumi na moja iliyopita, Kitinda alikuwa aende kuwaambia wazazi wake kwamba atanioa. Tulipatana hivi: wakikubali au wakikataa, ikiwa yeye bado ananitaka, saa tisa alasiri atavuta kamba ya chumbani kwake mara tatu. Mimi nikisikia, nitatoka kwa mlango wa kufulia nimkute getini, twende zetu. Asipovuta, nijue ameshindwa. Na mimi, kwa kiburi changu cha maskini, nikaongeza sharti langu: "Ukivuta nisipotoka, usije kunifuata jikoni. Usinitie aibu mbele ya mama yangu." Akakubali.

Nilikaa chini ya ubao, mgongo ukutani, nimetega masikio tu, mpaka jua likazama. Haikulia. Kesho yake nikaambiwa ameondoka kwenda masomoni, mbali. Baba yake alipofariki nyumba ikauzwa, mimi na mama tukapanga chumba mtaa wa pili. Hayo ndiyo mapenzi yangu yote, yanaingia kwenye aya mbili.

Niliwaeleza wageni habari za kengele kama ninavyoeleza siku zote. Mchumba akakimbilia chumba cha kulia, akavuta kamba, kengele ya kwanza ikalia, akarudi anacheka.

"Na ya chumba chako ni ipi?" akamwuliza Kitinda.

"Ya tano."

"Hiyo ni mbovu," nikasema haraka. "Imekufa kwa kutu. Kwenye orodha ya ukarabati imeandikwa mbovu."

"Tangu lini?" Kitinda aliniuliza.

"Tulivyoikuta."

Hakuniondolea macho. "Nenda kaivute," alimwambia mchumba wake. "Juu, mlango wa mwisho kulia. Vuta kwa nguvu, tuone."

Msichana wa watu akaenda mbio, vifuko vya kitambaa vinateleza kwenye mbao. Tukabaki watatu.

"Ilikuwa nzima," alisema Kitinda. "Asubuhi ya siku ile niliivuta ukaniletea chai."

Ndipo kengele ya tano ikaanza kutikisika. Chuma kikacheza, kengele ikainama na kuinuka, ikainama na kuinuka, na hapakutoka sauti yoyote. Kule juu mtu alikuwa anavuta kwa roho moja. Huku chini tuliitazama kama watu wanaomtazama bubu anayelia.

Kitinda akaburuta kigoda cha maonyesho, akapanda, akaigeuza kengele kwa kidole. Nikasahau kumwambia vitu havishikwi.

"Haina kutu," alisema. "Haina ulimi. Kile kipande cha ndani kimetolewa."

"Shuka, utaanguka," alisema mama yake.

Hakushuka. Aliniuliza akiwa huko huko juu. "Hukusikia?"

"Nilikaa hapa tangu saa nane," nikamwambia. "Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kutokea."

"Nilivuta mara tatu. Nikavuta tena mara tatu. Nikavuta mpaka mkono ukauma. Nikaenda getini na begi, nikakaa mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefukuzwa."

"Mimi nilidhani umeshindwa."

"Na mimi nilidhani umesikia ukakaa."

Tukatazamana. Nilimwona yule kijana wa miaka ishirini na miwili, na yeye nadhani alimwona yule binti mwenye viatu, na wote wawili walikuwa hawana kosa. Machozi yalinijia nikayaacha yaje.

Kisha akashuka, akamgeukia mama yake.

"Usinitazame hivyo," alisema Bi Mkubwa.

"Nani mwingine, mama?"

"Mimi nilikukataza mbele ya uso wako, baba yako yupo. Nilisema simtaki mtoto wa dobi mezani kwangu, nikasema kwa kinywa hiki. Mambo ya kunyatia jikoni kuchezea kengele si yangu."

"Unadanganya."

"Kitinda."

"Miaka kumi na moja umeniangalia nikidhani nimekataliwa. Umenitafutia huyu, ukanitafutia tarehe. Jumamosi hakuna ndoa. Na nikitoka kwenye mlango ule, natoka na Kidobi akinikubali, na wewe usinitafute tena."

Akanyoosha mkono kwangu. Kiganja wazi.

Niliuota mkono ule mara nyingi kuliko nitakavyokiri kwa mtu. Nilichotakiwa kufanya ni kuushika tu. Lakini wakati yeye yuko juu ya kigoda, macho yangu yalikuwa yameangukia kengele ya jirani, ya nne, iliyo nzima. Ndani yake ulining'inia ulimi wake: kipande cha shaba kidogo kama kokwa ya tende, kina tundu juu. Na mkono wangu, uliokuwa mfukoni mwa koti, ulikuwa umeshika kipande kama kile.

Ni kitu tulichofungia ufunguo wa chumba chetu. Mama alikifunga mwenyewe siku tuliyohamia. "Kina uzito," aliniambia, "ukidondosha utasikia." Mama hatupi kitu. Nilikuwa nacho mfukoni kila siku ya Mungu, nimekuja nacho kazini, nimesimama nacho chini ya ubao ule, nikawaambia watalii wa nchi zote kwamba ya tano imekufa kwa kutu. Na ukuta wetu na jiko ulikuwa mmoja. Patano letu mimi na Kitinda tulilinong'ona jikoni, na mama alikuwa upande wa pili anapiga pasi.

Nikakifumbata kile kipande humo humo mfukoni.

"Mwambie," Bi Mkubwa alisema. Alikuwa akisema nami. Kidevu kilikuwa kimeshuka. "Wewe unajua mimi sikuwahi kukanyaga jiko hili. Mwambie."

Ilikuwa kweli. Katika miaka ishirini sikumwona hata siku moja akivuka mlango ule. Kengele ya tano bado ilikuwa inatikisika juu yetu. Nikawaza: ninyamaze tu. Mwanamke huyu alinidharau tangu natambaa, acha aonje. Nitakuwa na mume wangu. Ufunguo nitaubadilisha kamba leo hii, kipande nitakitupa chooni, na mama yangu ataendelea kuwa mama yangu.

Halafu nikajiona nikimpikia mwanamume ambaye hasemi na mama yake kwa dhambi ya mama yangu.

"Si yeye," nikasema.

Nikautoa ufunguo, nikauweka juu ya meza ya jiko. Kile kipande kikagonga mbao. Mama alisema kweli, kinasikika.

Kitinda alikichukua. Akapanda tena kigoda, akaibana kengele ya tano kiganjani isitikisike, akaliweka tundu kwenye ndoana yake. Likaingia bila kusukumwa.

"Mama yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe unatembea nacho mfukoni."

"Sikujua ni nini."

"Miaka kumi na moja."

"Sikujua, Kitinda. Nimejua sasa hivi, uliposhika kengele."

Nilimwona akijaribu kuniamini. Alijaribu kweli, kama mtu anayejaribu kuvaa nguo yake ya zamani. Kisha akakitoa kipande, akashuka na kukiweka mezani, kimefungwa na ufunguo wangu, mbali na mkono wake.

"Nusu saa haijapita," alisema polepole, "umetuambia nyumba hii unaijua msumari kwa msumari."

Jibu zuri lilinijia jioni nikiwa njiani kwenda nyumbani: kwamba kama ningekuwa najua, ningenyamaza nikauchukua mkono wake. Lakini wakati ule nilisimama tu na koti langu la sare, na nilifanana kabisa na mwongo.

Kengele ikatulia. Mlio wa miguu kwenye ngazi, kisha mchumba akaingia, pumzi juu juu, anajikanda kifundo cha mkono.

"Imelia? Nimevuta mpaka mkono umeuma."

Alitutazama mmoja mmoja. Akayaona machozi yangu, akakiona kigoda, akauona uso wa mama mkwe wake. Hakuwa mjinga. Tabasamu lilimtoka taratibu na akasimama akingoja, mikono imeshuka, kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo ya hospitali.

Kitinda akamgeukia.

"Haikulia," alimwambia. "Lakini niliiona inatikisika. Nilijua ni wewe."

Akaenda akamshika kile kifundo cha mkono kinachouma. Wakatoka hivyo, na hakugeuka. Nilisikia mlango mkubwa ukifunguliwa na ngazi ya tatu ya baraza ikilia, ile inayolia siku zote.

Bi Mkubwa alikaa kwenye benchi la ukumbini avue vile vifuko, lakini mgongo ulimkatalia kuinama. Nikapiga magoti nikamvua. Tulikuwa karibu hivyo kwa mara ya kwanza maishani.

"Mama yako mzima?"

"Mzima, mama. Miguu tu inamsumbua."

Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. Sikupata shukrani, wala sikuitegemea.

"Mwambie," alisema akiinuka, "kwamba hata mimi nisingethubutu."

Kipande cha shaba nilikikabidhi ofisini kabla ya kufunga. Niliandika kwenye daftari la vifaa: ulimi wa kengele namba tano, umepatikana. Mkuu wa makumbusho akafurahi sana, akauliza umepatikana wapi. Nikamwambia mfukoni, akadhani natania.

Nyumbani niliufungua mlango kwa ufunguo mtupu. Mama alikuwa kitandani, miguu juu ya mto, anakunja nguo zangu za kesho.

"Leo ufunguo haujagonga mlango," alisema.

"Nimekiacha kile kipande."

"Umekiacha wapi?"

"Ulipokitoa."

Mikono yake ilisimama juu ya blauzi yangu. Kisha ikaendelea, ukosi kwanza, halafu mikono, mkunjo juu ya mkunjo. Nilingoja akane. Nilitamani akane.

"Alikuja?" aliuliza.

"Alikuja."

"Peke yake?"

"Na mchumba wake. Wanaoana Jumamosi."

Akaiweka blauzi juu ya nyingine, akailaza kwa kiganja. "Wewe ungekwenda zako," alisema. "Mimi ningebaki na nani?"

Aliuliza hivyo kama anavyouliza kama mvua itanyesha. Hapakuwa na toba ndani yake wala ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. Miaka yote nilikuwa nimembebea Bi Mkubwa chuki iliyokuwa na mwenyewe humu chumbani, ananikunjia nguo.

"Umebaki na mimi, mama," nikamwambia. "Haya. Nipo."

Nikaenda kusimama dirishani, bado nimevaa viatu. Mtaani watu walikuwa wanatoka makazini, wawili wawili, mmoja mmoja. Nyuma yangu mama akaniita nimpe maji ya kunywea dawa. Aliita tena, kwa sauti ya chini kidogo. Akaita mara ya tatu.

Nilisikia zote tatu.